Betri ya baiskeli ya umeme inakata njiani: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Kwenye baiskeli ya umeme hakuna kifaa cha gharama kama betri. Kwa hiyo neno "betri imekufa" halipaswi kukubaliwa kirahisi. Mara nyingi kilichokufa ni kundi moja la seli, au waya uliolegea kwenye soketi ya chaji, au hata swichi ya breki ambayo haihusiani na betri hata kidogo. Ukiwa na multimita (kifaa cha kupimia umeme), hata ile ya bei ya chini kabisa, na ukijua dalili ipi inaelekea wapi, utajua ni kipi kati ya hivyo kabla hujatoa hela.

Maelezo haya ni ya baiskeli za kawaida zenye betri ya volti 36 au 48, zile ambazo betri inatoa umeme kwa nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi. Ukiwa na mtumba wa Ulaya wenye mfumo wa Bosch au Shimano, mambo ni tofauti: betri na mota huongea kwa waya wa data, na pini za betri zinaweza kusoma sifuri ilhali betri ni nzima. Hizo zisikupotezee muda na hatua za hapa.

Betri ya volti 36 haina seli ya volti 36 ndani yake. Ina seli ndogo za lithiamu, nyingi zikiwa za saizi ya 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Kila moja ina volti 3.6 hivi za kawaida na 4.2 ikijaa. Seli huunganishwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) kupata kundi, tuseme seli nne kwa kundi, kisha makundi 10 yakaunganishwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya jingine), na volti zao zinajumlishwa. Ndiyo maana betri ya 36 iliyojaa inasoma 42.0. Ya 48 ina makundi 13, ikijaa ni 54.6. Namba hizi mbili ziandike ukutani kama unafanya kazi hii mara kwa mara. Juu ya seli kuna bodi ya ulinzi ambayo mafundi huiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme kundi lolote likishuka mno, likipanda mno, au umeme mwingi mno ukivutwa kwa mpigo.

Volti 36 hazitakurusha. Hatari yake iko kwingine: bisibisi ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, seli zinamwaga ampea nyingi kwa kufumba na kufumbua, na chuma kinayeyuka mkononi. Vua pete na saa, funga bisibisi kwa tepu ubakize ncha tu, na fanyia kazi mahali ambapo unaweza kuitupa betri nje haraka. Betri iliyovimba, inayonuka kama rangi ya kucha, iliyozama kwenye maji ya mafuriko, au iliyo ya moto bila kutumika, usiifungue kabisa. Itoe nje, mbali na ukuta na vitu vinavyowaka.

Kwanza, je, ni betri kweli?

Dalili: skrini inawaka, chaji inaonyesha imejaa, lakini mota haisukumi. Hapa watu huanza kufungua betri bila sababu. Angalia mikono ya breki. Baiskeli nyingi zina swichi ndani ya mkono wa breki inayozima mota ukishika breki. Ikikwama kwa vumbi au mkono ukipinda kidogo baada ya kuanguka, kontrola (kisanduku kinachoendesha mota) inaamini umeshika breki siku nzima. Chomoa plagi ya swichi hiyo, upande mmoja kisha wa pili, ujaribu. Mota ikizunguka, kazi imeisha, na betri hujaigusa. Ila usiendelee kuendesha hivyo: nunua swichi nyingine uirudishe.

Mota ikitetemeka na kukoroma bila kuzunguka, mara nyingi shida iko kwenye nyaya tatu nene za mota au kwenye vihisi vyake vya ndani. Hapo pia betri haina kosa.

Imezimika kabisa

Hakuna taa wala skrini. Pima volti kwenye pini za kutolea umeme, swichi ya betri ikiwa imewashwa. Namba za sehemu hii ni za betri ya 36. Ukipata kati ya 36 na 42, betri inatoa, na tatizo liko mbele yake: soketi ya kukalia betri, waya unaopita ndani ya fremu, au swichi ya skrini.

Ukipata sifuri, angalia fyuzi. Betri nyingi zina fyuzi bapa kama ya gari, mara nyingine imefichwa chini ya kifuniko kidogo cha mpira. Usiiamini kwa macho. Ipime kwa mlio wa multimita: ikilia, fyuzi ni nzima. Na ikiwa imeungua, jiulize kwa nini iliungua kabla ya kuweka nyingine. Kuifunga kwa kipande cha waya, ambayo naiona sana, ni kuondoa kitu cha mwisho kilichosimama kati yako na moto.

Ukipata namba ya ajabu, tuseme 17 au 9, usishtuke. Bodi ya ulinzi ikiwa imekata, umeme kidogo hupenya na multimita huusoma kana kwamba upo. Unganisha balbu ndogo kwenye pini hizo. Kama volti zinaanguka hadi sifuri, bodi imekata.

Sasa fungua kasha upime moja kwa moja kwenye seli, chanya kuu na hasi kuu kabla ya bodi. Kuna majibu matatu yanayowezekana. Seli zina 35 au zaidi na nje hakuna kitu: bodi imejifunga au imekufa. Jaribu kuchomeka chaja dakika chache, kwa kuwa bodi nyingi huamka zikionja umeme wa chaja. Isipoamka, pima kila kundi kwanza, maana huenda inakataa kwa sababu nzuri. Seli zina kati ya 25 na 30: betri imeachwa bila chaji muda mrefu. Hiyo inaweza kurudi, mradi hakuna kundi lililo chini ya volti 2. Jibu la tatu ni kundi kushuka chini ya hapo: shaba iliyo ndani ya seli huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo hujijenga mahali pasipotakiwa na kupiga shoti kwa ndani. Kwa nje seli inaonekana imepona. Moto wake huja baadaye, mara nyingi ikiwa kwenye chaji usiku.

Kuna video nyingi zinazoonyesha jinsi ya "kuiamsha" betri kama hiyo kwa kuiunga na betri nyingine iliyojaa. Mimi siafiki. Anayefanya hivyo anaipita bodi ya ulinzi, hajui kundi lipi liko wapi, na umeme unaoingia hauna kipimo.

Chaja inawaka kijani tu

Kijani kwa chaja maana yake ni kwamba umeme haupiti. Huenda betri imejaa, huenda pia njia imekatika. Pima chaja peke yake: ya betri ya 36 itoe 42 hivi, ya 48 itoe 54.6 hivi. Chaja ikitoa sifuri au namba inayorukaruka, mara nyingi kapasita za ndani zimekwisha kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, nunua nyingine. Soma volti, usisome maandishi ya "36V" kwenye kasha tu. Chaja ya betri za maji ya volti 36 huenda hadi 44, na ya lithiamu ya aina ya fosfati yenye makundi 12 hutoa 43.8. Zote zina plagi zinazoweza kuingia, na zote zitaizidishia betri yako.

Chaja ikiwa nzima, shuku soketi ya chaji. Ile ya duara hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku, risasi ya kuunganishia nyaya zake ikapasuka kwa ndani. Pwani, hewa ya chumvi huongeza kutu ya kijani kwenye pini. Safisha, au badilisha soketi nzima. Ni kazi ndogo.

Soketi ikiwa nzima, basi bodi inakataa chaji. Sababu kubwa ni kwamba kundi moja limeshafika 4.2 na ushee wakati mengine yako 3.9. Bodi inaona lile moja, inafunga mlango kwa wote. Betri inasoma 39 na haiendi mbele. Hii inatupeleka kwenye kupima makundi, na kupima makundi ndiko kiini cha kazi yote.

Inakata mlimani, ukiizima na kuiwasha inarudi

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi kwa fundi. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Ukianza kupanda, au ukibeba mtu nyuma, inakata. Unasubiri kidogo, unawasha, inaondoka tena kama haikuwa na shida.

Angalia jambo moja kabla ya kufungua chochote: inapokata, skrini inabaki hai au inazimika? Skrini ikibaki na mota ikaacha tu kusukuma, aliyekata ni kontrola. Kontrola hutazama jumla ya volti, na ya 36 hukata kwenye 31 hivi. Skrini ikizimika pamoja na kila kitu, aliyekata ni bodi ya ulinzi, au kuna mguso mbovu. Bodi haitazami jumla peke yake. Inatazama kila kundi.

Ndiyo maana multimita ikiwekwa kwenye pini za nje inaweza kukudanganya. Chukua betri yenye makundi 10 ambayo imepumzika. Tisa yanasoma 4.02 na moja linasoma 3.95. Jumla ni 40.13, namba ambayo fundi wa haraka ataiangalia na kusema betri nzima. Mlimani, mota ikivuta ampea 15, yale tisa yanashuka hadi 3.76 kila moja, na lile moja linaporomoka hadi 2.5. Jumla bado ni 36 na zaidi, kontrola haina neno. Lakini bodi imeona 2.5, ikakata. Ukisimama, kundi linapumua, linarudi 3.9, bodi inafungua tena.

Kwa hiyo pima makundi, tena pima likiwa na mzigo. Kwenye bodi ya betri ya 36 kuna plagi yenye nyaya nyembamba 11. Waya wa kwanza, mara nyingi mweusi, ni hasi ya kundi la kwanza, na kila waya unaofuata ni chanya ya kundi linalofuata. Pima kati ya waya na jirani yake: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, hadi mwisho. Unapata namba 10. Ncha za multimita ni nene kwa plagi hiyo, na zikiteleza zinaunganisha pini mbili na waya mwembamba unawaka kama nyuzi ya balbu. Funga pini ya kushonea kwenye kila ncha kwa waya mwembamba na tepu, uichomeke kwa nyuma ya plagi, upande nyaya zinapoingia. Andika namba zote kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Mzigo unaupata kwa balbu za taa kubwa za gari, za volti 12 wati 55. Tatu mfululizo kwa betri ya 36, nne kwa ya 48. Zinavuta ampea 4 na nusu hivi, zinapata moto sana, kwa hiyo ziweke juu ya tofali na si juu ya meza ya mbao. Ziwashe, pima makundi yote tena, andika safu ya pili. Mota iliyonyanyuliwa hewani haifai kwa kipimo hiki, haivuti kitu.

Safu mbili hizo zinasema karibu kila kitu. Makundi mazima hushuka kwa 0.05 hadi 0.1 yakibebeshwa balbu, yote kwa kiasi kinachokaribiana. Kundi linaloshuka kwa 0.4 ndilo mgonjwa wako. Fungua karatasi ya kuhami juu yake uangalie vipande vya nikeli vinavyounga seli. Ukikuta kimoja kimepasuka, una bahati: seli moja au mbili zimetengwa, zilizobaki zinabeba kazi ya nne. Ukikuta viko sawa, seli zenyewe zimechoka.

Kundi lililo chini wakati wa kupumzika, lakini likibebeshwa mzigo linashuka sawa na wenzake, halijachoka. Limeachwa nyuma tu. Lichaji peke yake kwa bodi ndogo ya kuchajia seli moja, ile ya TP4056 inayotumia chaja ya simu, chaja kubwa ikiwa imechomolewa, hadi lilingane na mengine. Usisubiri bodi ya ulinzi ilisawazishe. Bodi nyingi husawazisha kwa miliampea 50 hivi. Pengo la ampea-saa 2 lingehitaji saa 40 za kukaa kwenye chaja, na hakuna anayeiacha hivyo.

Baada ya kulisawazisha, acha betri wiki moja bila kutumika upime tena. Kundi lilelile likishuka peke yake, kuna kinacholinyonya. Chomoa ile plagi ya nyaya 11, subiri wiki nyingine. Likiendelea kushuka, seli zinavuja kwa ndani na hazifai tena. Likikaa palepale, bodi ndiyo inayokunywa, badilisha bodi na seli zako ni nzima. Nimeona betri zikitupwa kwa kosa la bodi.

Na kabla ya haya yote, gusa plagi kubwa baada ya kupanda mlima. Ikiwa ya moto hadi mkono hautulii, mguso ni mbovu na volti zinapotelea hapo.

Inakata kwenye matuta na mashimo

Inakata ukipita tuta, hata kwenye mteremko bila mzigo. Hiyo ni mguso. Angalia vile vibapa vya shaba ambavyo betri inakalia kwenye fremu. Vikiwa na madoa meusi vimekuwa vikipiga cheche. Angalia pia kama betri inacheza ndani ya kishikizo chake. Kipande cha raba chini yake kimewaokoa wengi.

Chaji inaisha mapema

Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya 36 yenye 10 Ah ina wati-saa 360. Ukipiga pedeli, baiskeli hula wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita ya tambarare. Ukitumia resi tupu inapita 15 kwa urahisi. Kwa hiyo kilomita 30 na ushee kwa kupiga pedeli ni haki yake, na anayekuambia inakwenda 80 alikuwa anauza.

Kama zamani ilifika 30 na sasa ni 20, jaza upepo kwanza, kisha nyanyua gurudumu ulizungushe kwa mkono kuona kama breki inagusa. Hivyo viwili vinakula kilomita kimyakimya. Baada ya hapo pima makundi. Yote yakishuka pamoja, bila mmoja kuwaangusha wenzake, huo ni uzee. Seli za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 500 hivi ya kujaza na kumaliza, kisha ujazo unapungua, na hakuna dawa ya uzee. Unaweza kuitumia betri hivyohivyo kwa safari fupi.

Taa nyekundu haizimi, na betri inapata moto kwenye chaji

Chomoa. Hapa hakuna cha kuendelea kujaribu. Betri ya lithiamu ikikaribia kujaa hupunguza umeme inaovuta hadi karibu na sifuri. Ikiendelea kuvuta, umeme huo unageuka joto ndani ya seli fulani. Itoe nje, iache mbali na nyumba, uipime ikishapoa kabisa. Ikianza kutoa moshi usiisogelee. Kaa upande upepo unakotoka, ita zimamoto, Tanzania ni 114. Maji mengi ndiyo yanayoipoza, glasi moja haisaidii.

Ukiamua kubadilisha seli

Badilisha kundi zima, si seli moja ndani ya kundi. Seli mpya ikiunganishwa sambamba na iliyochoka, mpya inabeba kazi ya mzee na kuzeeka naye. Kabla ya kuziunganisha, hakikisha seli zote za kundi ziko ndani ya tofauti ya 0.05, vinginevyo zitamwagiana umeme kwa kishindo.

Soko la seli limejaa uongo. Seli nzuri ya 18650 ina karibu miliampea-saa 3,500 ikiwa ya daraja la juu. Iliyoandikwa 9,800 ni ya uongo, hata kama kasha lake linang'aa. Njoo na mzani mdogo wa jikoni: nzima ina gramu 45 hadi 50. Zile za 30 na kitu huwa na seli ndogo ndani, au hata unga tu wa kujazia.

Vipande vya nikeli vichomelewe kwa mashine ya kuchomelea nukta (spot welder), si kwa risasi na pasi ya kuchomelea, kwa sababu joto la pasi linaharibu kizibo cha seli. Nikeli nayo huwa na bandia, chuma kilichopakwa. Kwaruza kipande, kiloweke kwenye maji ya chumvi hadi kesho. Kikipata kutu, kirudishe dukani.

Ukimaliza, chaji hadi ijae huku ukipima makundi kila baada ya nusu saa, kisha iwashie balbu zako tatu na uandike safu mbili mpya. Kundi jipya litashuka pungufu kuliko mengine, hiyo ni kawaida. Jingine likianza kushuka kwa 0.3, unajua tayari ni lipi linalofuata.